Namna ya Kushindwa na Nzi kwa Heshima

Wewe unayezunguka Kitengela na simu ukipiga picha za nzi, najua unachokitaka. Unataka mtu akikuonyesha kidudu kwenye kioo cha simu yake ukitaje jina papo hapo, ikiwezekana la Kilatini, naye abaki mdomo wazi. Usione haya. Hakuna anayeinama juu ya kinyesi cha ng'ombe asubuhi na mapema bila kupenda kusifiwa kidogo.

Kikwazo ni wingi wao. Spishi za nzi zilizokwisha kupewa majina duniani zinapita 150,000, wengi ni wadogo mno, na hajazaliwa mtu anayewajua wote. Kwa hiyo utashindwa, tena mara nyingi. Kazi yangu ni kukufundisha kushindwa vizuri: ujue picha yako imekufikisha wapi, usimame hapo hapo, na ulitaje jina la hapo bila kutetemeka. Njia za mkato zipo, na ni halali. Sogea karibu.

1. Hesabu mabawa kabla ya kufungua mdomo

Nzi ana mabawa mawili tu. Nyuki na nyigu wana manne. Pale ambapo mabawa ya nyuma yangekuwa, nzi amebaki na vijiti viwili vifupi vyenye vitufe nchani, ambavyo hutetema akiruka na kuuarifu mwili umeinamia upande gani. Vikionekana kwenye picha, umemaliza: huyo ni nzi. Mbu anavyo, usubi anavyo, na wote hao ni ukoo mmoja na nzi wa jikoni.

Hatua hii ndogo itakupa ushindi wa kwanza, na utaupata kwenye maua ya jirani yako. Yule "nyuki" anayeelea hewani juu ya ua bila kusogea ni nzi wa maua aliyevaa mistari ya nyuki ili maadui wamwogope. Tazama vipapasio vyake: vya nyuki ni virefu na vimepinda, vyake ni vifupi na vimechomoza kidogo tu usoni. Tazama macho: yameujaza uso karibu wote. Ukimpata Eristalinus taeniops, macho yake yana mistari iliyosimama wima, na hapo una ruhusa ya kuringa, maana ni mmoja wa wachache ambao picha nzuri ya uso inakufikisha karibu na jina kamili.

Kenya ina nzi mmoja wa kuvunja kanuni hii. Katika ufa wa mwamba kwenye kilima cha Ukasi, njia ya kwenda Garissa, anaishi Mormotomyia hirsuta, mwenye manyoya tele na miguu mirefu, na mabawa yaliyosinyaa hata hawezi kuruka. Alikusanywa mwaka 1933, mtaalamu Austen akampa jina mwaka 1936, akakusanywa tena 1948, kisha kimya hadi 2010, Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na Ashley Kirk-Spriggs walipomkuta palepale, penye kinyesi cha popo. Ukionyeshwa picha yake bila kuambiwa, utasema buibui.

2. Piga picha mbaya, lakini nyingi

Picha moja maridadi ya nzi kutoka juu, nyuma pamefifia vizuri, itapendwa na watu na haitakusaidia kitu. Unachohitaji ni picha sita zisizo na mvuto: bawa, uso, kifua kutoka juu, ubavu, miguu, na ncha ya tumbo. Mtaalamu akikuomba uso, usimpelekee mgongo mwingine ulio mzuri zaidi.

Nunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Toka kabla jua halijapanda. Baridi ya nyanda za Kapiti huwalegeza nzi, na yule ambaye saa nne hangekuvumilia hata sekunde, saa kumi na mbili na nusu atabaki ameshika ubua wa nyasi ukimzunguka pande zote. Bawa ulipige likiwa limelala sambamba na lenzi. Likiinama kidogo tu, mishipa yake hupinda kwenye picha na utaona kona ambayo haipo. Ukimpata aliyekufa dirishani, mlaze juu ya karatasi ya grafu ya mtoto wa shule. Miraba itakupa milimita, nawe utaacha kusema "alikuwa mdogo hivi".

Pange, yule nzi mkubwa anayewatesa ng'ombe, mpige akiwa hai. Mistari ya rangi inayong'aa machoni mwake hufifia akifa, na mistari hiyo ni sehemu ya kitambulisho chake. Hapa simu yako inalishinda sanduku la makumbusho, na ni vizuri ulijue hilo.

3. Achana na rangi, soma bawa

Hii ndiyo siri kubwa niliyo nayo, na watu wengi hawaitumii kwa sababu haionekani kwa macho ya haraka. Mtu akiona nzi hutazama rangi ya mwili. Rangi hudanganya: vumbi la Namanga Road huibadilisha, mwanga wa adhuhuri huibadilisha, na nzi aliyetoka kwenye gamba lake leo asubuhi amepauka kuliko atakavyokuwa kesho. Mpangilio wa mishipa ya bawa hautikisiki. Jifunze mabawa matano na watu watadhani umekaa miaka chuoni.

Anza na nzi wa nyumbani, kwa kuwa yuko kila mahali na hana pa kukimbilia. Ufuate mshipa mrefu wa nne kuanzia ukingo wa mbele. Ukikaribia ncha ya bawa, unakata kona kali kwenda mbele hadi karibu ugusane na mshipa wa jirani. Sasa mchukue Stomoxys, nzi mwuma ng'ombe, anayefanana naye kama ndugu: kwake mshipa uleule unapinda taratibu, bila kona. Kisha Fannia, yule mwembamba anayezunguka zunguka chini ya taa sebuleni: kwake haupindi kabisa. Nzi watatu wa kijivu, mshipa mmoja, majibu matatu. Ukiweza hilo peke yake, umewapita watu wengi.

Nzi wa maua ana mshipa wa uongo. Ni mkunjo unaopita katikati ya bawa ukiwa na sura ya mshipa, lakini haukuungana na wenzake ipasavyo. Zaidi ya hayo, karibu na ukingo wa nje mishipa yake halisi hugeuka na kwenda sambamba na ukingo, kana kwamba bawa limetiwa pindo. Ukiviona vyote viwili, sema "Syrphidae" na ufunge simu.

Nzi wa matunda wa kweli, wa familia ya Tephritidae, wengi wana mabawa yenye mabaka na mistari. Hapo wengi huridhika na kuondoka. Wewe ongeza kitu kimoja: karibu na ukingo wa mbele kuna mshipa mwembamba unaopanda ghafla kwa kona ya mraba, kisha unafifia kabla ya kufika. Wale vidudu wa macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva jikoni, ambao watu pia huwaita nzi wa matunda, hawana kona hiyo. Hao ni Drosophilidae, wanafuata chachu, na hawana habari na embe lililo mtini.

Kuna siku bawa halitatosha, hasa kwa nzi wa milimita mbili au tatu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nawe ndipo utakapoangaza. Tafuta utosini macho madogo matatu yaliyopangwa pembetatu, kati ya yale macho mawili makubwa. Nyuma yake kuna jozi ya nywele ngumu. Je, ncha zake zinaelekeana au zinaachana? Swali hilo dogo, la nywele mbili zisizoonekana bila lenzi, hutenganisha familia nzima na nyingine. Ukimrudishia mtu picha ukisema, "Nzuri, lakini sioni nywele za nyuma ya utosi," hatakusumbua tena kwa wiki nzima, na picha itakayofuata itakuwa bora.

4. Kwa mbung'o usibahatishe

Mpaka hapa unalinda jina lako tu. Kuanzia sasa kuna ng'ombe wa watu.

Ukitoka Kitengela ukashika njia ya Magadi hadi Nguruman, bado uko kaunti ya Kajiado, lakini umeingia nchi ya mbung'o. Ni huko ambako watafiti wa icipe, akina Robert Brightwell na Robert Dransfield, walitengeneza miaka ya 1980 mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyopewa jina kutokana na Nguruman yenyewe. Buluu humwita mbung'o kutoka mbali, nyeusi humfanya atue, na mkojo wa ng'ombe pamoja na asetoni humkamilishia harufu ya mnyama. Jamii ya Wamaasai wa eneo hilo walishiriki kuishona na kuitunza. Ukisimama mbele ya mtego wa namna hiyo, uvue kofia.

Mbung'o kwa picha ni rahisi kuliko anavyosifiwa. Akitulia, mabawa yake hulala moja juu ya jingine mgongoni, yamefunikana kabisa. Stomoxys huyaacha yametanuka pembeni. Mrija wake wa kunyonya damu umenyooka mbele ya uso. Stomoxys naye anao uliochomoza, kwa hiyo usikimbilie mrija. Nenda kwenye bawa: katikati yake kuna chumba kimoja kilichozungukwa na mishipa, chenye umbo la shoka, mpini na bapa. Hakuna nzi mwingine mwenye chumba hicho. Shoka likiwepo ni mbung'o. Lisipoonekana kwenye picha, usitaje mbung'o hata kama wote waliosimama hapo wanataka useme.

Unataka kuringa zaidi? Nguruman kuna aina mbili zinazojulikana sana, Glossina pallidipes na Glossina longipennis. Mtazame kifuani kutoka juu: longipennis ana madoa manne ya hudhurungi iliyokolea yaliyokaa wazi. Picha moja ya kifua, na umefika hadi spishi. Nafasi hizi ni chache, zitumie.

Kosa hapa lina gharama. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe hadi mifupa. Stomoxys humsumbua mnyama mpaka anashindwa kula na maziwa yanapungua, lakini huzaliana kwenye majani yaliyooza na samadi ya bandani, na dawa yake kubwa ni kusafisha banda. Mfugaji uliyempotosha atanunua kisichohitajika na kuacha kinachohitajika.

5. Jinsia, kwa wenye haraka

Kwa nzi wengi wa maua na pange, macho yakikutana juu ya uso ni dume, yakiachana ni jike. Na pange jike ndiye anayeuma. Dume anakunywa nekta ya maua. Sema hivyo kwenye meza ya nyama choma na utanunuliwa soda.

6. Nzi wa macho ya mtoto

Tazama picha ya mtoto mwenye nzi pembeni mwa jicho, kisha tazama kifua cha nzi. Nzi wa nyumbani ana mistari minne myeusi mgongoni. Musca sorbens ana miwili mipana. Huyo wa miwili ndiye anayependa unyevu wa macho kuliko wengine, na ndiye anayehusishwa na kueneza trakoma, ugonjwa uliopofusha wazee wengi katika maboma ya Kajiado.

Faida ya kuhesabu mistari miwili badala ya minne ni hii: Musca sorbens huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini, wala si ndani ya shimo la choo. Kwa hiyo jibu lake ni choo. Mtu akikuonyesha picha hiyo, usimpe Kilatini kwanza. Mwambie habari ya choo na maji ya kumnawisha mtoto uso, kisha Kilatini kifuate akitaka.

7. Jifunze kusimama

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wenye majivuno mabichi. Majivuno yaliyokomaa huipenda.

Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda alipatikana Kenya. Wataalamu walimpima, wakamlinganisha na ndugu zake wa Asia, na mwaka 2005 akapewa jina la spishi mpya: Bactrocera invadens. Miaka kumi baadaye, baada ya kuchunguza maumbo, vinasaba na hata namna wanavyojamiiana, wataalamu walihitimisha kwamba si mpya. Ni Bactrocera dorsalis, yule yule wa Asia, na jina invadens likafutwa mwaka 2015. Wakati majina yakibishaniwa, nzi mwenyewe hakungoja: watafiti wa icipe walionyesha, kwa kazi iliyofanyika Nguruman na kuchapishwa mwaka 2009, kwamba mgeni huyo alikuwa amemsukuma nje ya maembe mwenyeji wake, Ceratitis cosyra. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Sasa, kama watu wenye darubini na maabara walihitaji miaka kumi, wewe na lenzi ya kubana mna haki ya kusema "jenasi Bactrocera" na kunyamaza. Kwa shamba la maembe la Nguruman hilo linafaa tayari: bawa safi lenye mstari mwembamba mweusi ukingoni, mistari ya njano kifuani, alama ya herufi T tumboni. Ceratitis ana madoa meusi kwenye kile kipande cha nyuma ya kifua, na mabaka ya njano mabawani. Mkulima atajua ni mgeni au mwenyeji.

Kuna pahali picha haifiki hata ikiwa ya ajabu. Mbu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, wote waenezaji wa malaria, hawatofautishwi kwa sura. Hutofautishwa kwa kipimo cha vinasaba. Anayekuambia amewatofautisha kwa picha, mpe chai, mbadilishie mazungumzo. Na spishi nyingi za nzi wadogo hutambulika kwa viungo vya uzazi vya dume tu, vilivyokunjwa chini ya ncha ya tumbo, ambavyo huonekana kwa kumpasua nzi chini ya darubini.

Mwaka 2015 wataalamu wa nzi Stephen Marshall na Neal Evenhuis walithubutu kutoa jina kwa spishi mpya ya nzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, kwa picha peke yake, bila nzi mkononi. Ni nzi aliyejifananisha na nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao. Mamia ya wataalamu duniani walitia saini kupinga desturi hiyo isienee. Mimi niko upande wa waliosaini: picha haiwezi kupasuliwa, wala haiwezi kuulizwa swali jipya baada ya miaka hamsini.

8. Simu ikikupa jina, iombe ushahidi

Programu za kutambua wadudu zimelishwa picha nyingi za Ulaya na Marekani kuliko za Isinya. Ukizionyesha nzi wa Kitengela, zitakupa jina la nzi wa bustani ya London kwa ujasiri mkubwa. Pokea jina la familia, maana hapo hupatia mara nyingi, kisha fungua Manual of Afrotropical Diptera ya Kirk-Spriggs na Bradley Sinclair. Juzuu mbili za kwanza zilitoka 2017, ya tatu 2021, na zinapakuliwa bure. Humo mna familia nyingi za nzi wa Afrika kusini mwa Sahara, na michoro ya mabawa ambayo unaweza kuilinganisha na picha yako mstari kwa mstari.

9. Maneno ya kusema

Siku moja, mnadani Ilbissil, mzee atakusogezea simu na kukuuliza, "Kijana, huyu ni nani?" Picha itakuwa ya kidudu cheusi chembamba, kiuno kama cha siafu, juu ya kinyesi kibichi, kila bawa na doa nchani.

Jibu hivi: "Shikamoo mzee. Huyu ni wa familia ya Sepsidae. Hupungapunga mabawa akitembea, na watoto wake hula kinyesi. Hawaumi ng'ombe. Spishi yake picha haionyeshi." Atakubali. Umemwambia ni nani, anaishi vipi na kama ana madhara. Alichokosa ni neno moja la Kilatini ambalo lisingemsaidia kuuza ndama.

Na kama jambo ni zito, omba uletewe nzi mwenyewe. Ndani ya mbuga ya Nairobi usimguse mdudu, piga picha tu. Kwenye boma la mtu aliyekuruhusu, mtie nzi katika chupa ndogo yenye spiriti na umpeleke Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi au kwa watu wa icipe kule Kasarani. Tia karatasi ndani ya chupa: mahali, tarehe, alikaa juu ya nini, nani alimkamata. Andika kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino wa kalamu.